Sentensi Iliyokatika

Akina mama wa Loliondo hawaachi pambo kabla ya kufunga uzi, shanga zisije zikamwagika. Lakini katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, kimo kitambaa kisichomalizika. Elizabeth Parker, mzaliwa wa 1813 aliyepelekwa utumishi wa nyumbani angali mdogo, alikidarizi mnamo 1830 kwa uzi mwekundu, mishono midogo ya msalaba. Wasichana wenziwe walidarizi alfabeti na maua. Yeye aliandika ukatili wa waajiri wake na jaribu la kujiua. (Nani kati yetu asiyemjua binti wa kazi wa namna hiyo?) Sentensi ya mwisho, inayouliza hatima ya roho yake, imekatika katikati. Elizabeth aliishi, akawa mwalimu, akazeeka.