Nani anakamua? Historia ya mopu ya sponji, nikiwa Gatitu

Waliozoea kunisoma wanajua huwa naandika kuhusu programu, hifadhidata na zile hitilafu zinazonikosesha usingizi. Leo nataka tuzungumze kuhusu mopu. Ndiyo, mopu ya kupigia deki. Vumilieni kidogo, kuna teknolojia ndani yake kuliko nilivyodhani.

Ilianza hivi. Mwezi wa nne, mvua ya masika ikiwa imeshika hapa Gatitu, nilimnunulia mama mopu ya sponji yenye mtambo wa kukamulia. Mnaijua: kuna wenzo ubavuni mwa mpini, ukiuvuta bamba linabana sponji, maji yanatoka na mikono inabaki mikavu. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke anatabasamu huku akiuvuta kwa vidole viwili. Mama aliuvuta kwa mikono yote miwili na bado sponji ikatoka inadondosha maji. Siku ya tisa lile sikio la plastiki linaloshika pini likakatika. Nilirudi jioni nikamkuta sebuleni amepiga magoti na tambara lake la siku zote, ndoo kando, kana kwamba sikuwahi kununua kitu.

Niwaeleze kwa nini iliniuma. Mama alifanya kazi ya usafi katika ofisi moja mjini Nyeri kwa miaka 19. Karo yangu ya chuo kikuu, pamoja na ile tarakilishi kuukuu niliyojifunzia kuandika programu, vyote vilitoka kwenye kukamua tambara. Sasa vidole vyake havifungi vizuri. Julai, baridi ya Aberdare ikishuka, hata kifuniko cha chupa ya sabuni namfungulia mimi. Mtu akishanisomesha kwa mikono yake halafu nishindwe kumtafutia kitu cha kukamua maji, hiyo digrii ya sayansi ya kompyuta ni ya nini?

Basi nikafanya nifanyavyo programu inapokataa: nikarudi nyuma kwenye historia, nione nani aliandika nini, na alikuwa akimwandikia nani.

Kwanza sakafu. Mopu haina kazi pasipo na sakafu ya kuoshwa. Nyumba za zamani za huku kwetu zilikuwa na sakafu ya udongo. Ulinyunyiza maji kidogo vumbi likalala, ukafagia, kwisha. Nyumba tunayoishi ilijengwa na babu mwaka 1977. Wanaokumbuka wanajua huo ulikuwa mwaka gani: Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikaruka, na mkulima wa Nyeri akashika pesa ambazo hakuwahi kuziona. Babu akamwaga simiti, akaipaka rangi nyekundu. Shosho anasema alifurahia sakafu hiyo kwa wiki moja, kisha akagundua kwamba sasa inabidi ioshwe.

Neno lenyewe lilitoka mbali zaidi. Tunaposema "kupiga deki", deki ni ile sitaha ya meli. Kazi ya mabaharia ilipanda nchi kavu, ikafika hadi huku mlimani ambako bahari huiona kwenye televisheni. Na "kukamua", ukilitaja hapa Gatitu, mtu wa kwanza anayekuja akilini ni ng'ombe. Shosho aliponisikia nikisema natafuta mashine ya kukamua alidhani hatimaye nimepata akili ya kufuga.

Mzaha kando. Unapoanza kusoma kuhusu mopu unadhani tatizo lilikuwa kufyonza maji. Hapana. Tambara lolote hufyonza, hata fulana kuukuu hufyonza. Kazi ngumu ni kuyatoa yale maji ili ufyonze tena, mara mia moja kabla ya saa nne asubuhi. Ukilishika hilo, historia yote inapangika.

Mwaka 1837 Jacob Howe wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kishikizo cha mopu. Hataza, kwa wasiolizoea neno hili, ni ile haki ya kisheria anayopewa mbunifu ili wengine wasiunde kitu chake bila ruhusa. Yake ilikuwa nambari 241 tu, maana yake mopu ilikuwa mezani mapema kabisa katika mfumo wao. Lakini kishikizo kilishika kitambaa tu. Kukamua kulibaki kwa mikono.

Aliyelitazama tatizo lenyewe ni Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa Kalamazoo, Michigan. Tarehe 13 Juni 1893 alipewa hataza nambari 499,402 ya mopu ambayo kitambaa chake kinabanwa kichwani na kuweza kubadilishwa, na yenye wenzo wa kukamulia. Soma tena huo mwaka. Mji wa Nyeri haukuwepo. Ngome ya Waingereza iliyouanzisha ilijengwa Desemba 1902. Wazo la kutolowesha mikono kwenye maji machafu ni kongwe kuliko mji wetu, na bado mwaka huu nimemkuta mama amepiga magoti.

Baada ya hapo ilikosekana sponji. Sponji ya asili ni mnyama wa baharini (akina mama wa Jambiani, Zanzibar, wanamfuga hadi leo na kumuuza kwa kuogea), na ni ghali mno kwa kazi ya sakafuni. Katikati ya karne iliyopita viwanda vya Marekani vilikuwa vinauza sponji ya selulosi, inayotengenezwa kwa nyuzi za miti. Hii hunywa maji haraka, ikibanwa huyatoa, ikiachiliwa hurudi umbo lake. Kitambaa lazima ukisokote. Sponji unaikandamiza tu. Kwa fundi wa mitambo hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu kukandamiza kunahitaji bamba moja na bawaba, basi. Mwaka 1950 Peter Vosbikian, wa Philadelphia, akafanya hivyo hivyo: wenzo, na bamba jembamba la chuma linaloibana sponji. Ile mopu niliyonunua mjini ni mjukuu wake, ila chuma kimekuwa plastiki.

Wengine walipita njia nyingine. Hispania, mwaka 1956, Manuel Jalón Corominas, mhandisi wa ndege, alianza kuuza ndoo yenye rola za kukamulia pamoja na mopu yake, baada ya kuona Marekani jinsi walivyosafisha sakafu za mabanda ya ndege. Baadaye rola zikaacha nafasi kwa kikombe cha plastiki chenye matundu: unasukuma mopu ndani na kuizungusha. Wahispania husema kifaa hicho ndicho kilichowainua wanawake kutoka magotini, na sidhani wanatia chumvi. Joy Mangano wa New York alibuni mopu ya kujisokota mwaka 1990. Mwaka 1992 alisimama mwenyewe mbele ya kamera za kituo cha QVC akauza mopu 18,000 chini ya nusu saa. Filamu ya maisha yake, Joy, ilitoka mwaka 2015. Na miaka ya 2000 mwenye mkahawa mmoja wa Hualien, Taiwan, akaleta ndoo ya kuzungusha mopu kwa kukanyaga, maji yakarushwa nje kama nguo kwenye mashine ya kufulia.

Huyu wa Taiwan na Mangano ndio ninaowaheshimu zaidi. Wengine walitazama kazi ikifanywa. Hawa wawili walikuwa karibu na ndoo yenyewe.

Sasa njooni Gatitu tupige hesabu. Sponji ya mopu yangu ina urefu wa sentimita 25 na upana wa 7, yaani sentimita za mraba 175. Tuseme kila sentimita ya mraba tunataka kuibana kwa uzito wa nusu kilo. Jumla ni kilo 87.5. Wenzo wangu unazidisha nguvu mara tano, kwa hivyo mkono lazima uvute kilo 17.5. Hiyo inakaribia mtungi wa lita 20 uliojaa maji, unaunyanyua kwa vidole, kila unapokamua. Yule mwanamke wa kwenye boksi alikuwa anatudanganya. Au pengine alikuwa na jikoni lenye sinki, sakafu isiyo na tope, na chumba kimoja cha kupangusa. Nadhani huyo ndiye mtumiaji aliyefikiriwa tangu 1950: mtu mwenye mikono mizima na uchafu mdogo. Udongo wetu mwekundu haukuwa kwenye mahitaji. Kijiwe kimoja cha barabarani kikinaswa kati ya bamba na sponji, kinaichana kama wembe.

Na kwa nini huku tambara limedumu hivyo? Kuna wanaosema ni umaskini. Mimi nasema anayenunua vifaa vya usafi katika ofisi siye anayepiga deki. Mama aliwahi kuomba mopu pale kazini. Akaambiwa matambara yapo ya kutosha. Kwa mnunuzi, tambara ni bure na mikono ya mama ilikuwa imeshalipiwa mwisho wa mwezi. Vidole vilivyoisha havikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Jambo lingine nililolikuta lilinifanya nisimame nitembee kidogo. Tuseme shosho, mwaka ule wa 1977, angebuni mopu yake juu ya ile simiti mpya. Angeilinda vipi? Kwa sheria ya wakati huo, Kenya ilisajili tu hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Angetakiwa apitie London kwanza, ndipo arudi aandikishe nyumbani. Sheria yetu wenyewe ya mali ya kiviwanda ilipitishwa mwaka 1989 na ofisi yake ikaanza kazi mwaka uliofuata. Ile ya mwaka 2001 ikaleta KIPI. Siku hizi kuna hata cheti cha mabadiliko madogo ya kifaa, cha miaka 10, ambacho hakidai ubunifu wa kutisha kama hataza ya miaka 20. Lakini hebu fikiria ni vifaa vingapi vya jua kali vilizaliwa na kufa kabla ya hapo bila hata jina la aliyeviunda.

Haya, turudi kwenye ile mopu iliyovunjika.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma hapa karibu. Nikamwonyesha hesabu zangu kwenye simu. Hakuzitazama. Aliuliza, "Mama yako ana uzito gani?" Nikasema kama kilo 60. Akasema, "Si akanyage?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekaa wiki mbili nachora namna ya kurefusha wenzo, kumbe jibu lilikuwa ni kuuondoa mkononi kabisa. Mguu unaweza kusukuma kilo 45 bila mtu kujua amefanya kazi. Ukizidisha mara mbili tu unapata kilo 90. Na ukizidisha kidogo, pedali haihitaji kuwa ndefu.

Toleo la kwanza lilikuwa baya. Pedali ilikuwa kwenye ndoo ndefu, mama akakanyaga, ndoo ikapinduka, sebule ikawa ziwa. Toleo la pili tuliacha ndoo tukatumia karai pana, juu yake wavu wa nondo nyembamba. Kichwa cha mopu kinalala kwenye wavu. Pembeni ya kichwa chenyewe fundi alichomelea bamba lenye bawaba ya mlango na pedali fupi. Unakanyaga, bamba linalala juu ya sponji, maji yanashuka ndani ya karai na vijiwe vinapita katikati ya nondo. Inakaribia kuwa nzito kama jembe. Mama, akiwa na gambuti zake, alikanyaga mara moja, akainama akaigusa sponji, akakanyaga tena. Akapiga deki sebule na korido bila kupiga goti. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu.

Tatizo lililobaki ni la watu wa programu: nimetegemea kijisehemu cha mtu mwingine. Sponji ya akiba haiuzwi peke yake katika maduka niliyozunguka, ni mopu nzima au hakuna. Tulijaribu kukata godoro kuukuu. Sponji ya godoro ni ya poliuretheni. Inameza maji ukiiminya ndani yake, lakini haipangusi, inaacha sakafu na utelezi wa maji kila inapopita. Shosho nusura aanguke. Sasa tunakunja tambara mara nne tunalifunga pale pale kwenye bamba, yaani tumerudi kwa Stewart wa 1893, ila kwa mguu.

Jumamosi nitapeleka kichwa tena kwa fundi. Mama anasema ni kipana mno, hakiingii nyuma ya choo.