Silikoni kwenye nyasi za malisho: Inasaidiaje wakati wa ukame?

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika ulikuja na misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu. Kenya pekee ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2 kwa kukosa malisho na maji.

Hasara kama hiyo ndiyo inayofanya watafiti watafute namna ya kupata nyasi nyingi zaidi kwa maji yaleyale. Moja ya njia wanazozijaribu ni kuweka silikoni shambani.

Silikoni ni nini?

Ni elementi ya pili kwa wingi kwenye tabaka la juu la dunia, baada ya oksijeni. Mchanga umejaa silikoni, lakini hauyeyuki kirahisi, na mizizi hufyonza ile tu iliyoyeyuka kwenye maji. Udongo wa kitropiki uliooshwa na mvua kwa miaka mingi mara nyingi umebakiwa na kidogo ya aina hiyo.

Jamii ya nyasi, wakiwemo mpunga, miwa na mtama, ndiyo inayoipenda zaidi. Kwenye mimea, silikoni huwa kati ya asilimia 0.1 na 10 ya uzito mkavu. Ukishawahi kukatwa kidole na jani la nyasi, umekutana nayo: ndiyo inayoyafanya makali hayo yawe magumu.

Japan iliitambua rasmi kama mbolea mwaka 1955, kwa ajili ya mpunga. Mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na Jian Feng Ma walitangaza kuipata jeni ya mpunga inayoruhusu silikoni kuingia kwenye mizizi.

Inafanyaje kazi kwenye maji?

Silikoni ikifika kwenye jani hugeuka chembe ngumu kama kioo chini ya ngozi ya jani. Tabaka hilo hupunguza maji yanayopotea kupitia ngozi hiyo. Hata hivyo, maji mengi hutoka kupitia matundu madogo ya jani, kwa hiyo faida haiishii hapo.

Majaribio ya mtama yaliyofanywa Japan yalionyesha kuwa mimea iliyopewa silikoni iliendelea kuvuta maji vizuri zaidi udongo ulipokauka. Maana yake, siyo lazima nyasi zinywe maji kidogo. Zinaweza hata kunywa zaidi, ila zikaendelea kukua wakati nyingine zimesinyaa. Kinachopimwa ni kilo za nyasi kwa kila lita ya maji.

Nyasi za Rhodes, ambazo asili yake ni Afrika na wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wanazikata kwa ajili ya hei, zilijaribiwa pia Japan pamoja na nyasi za Sudan. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha zote mbili zikinufaika na silikoni.

Shida iko wapi?

Kinacholinda jani kinaweza kumsumbua ng'ombe. Mwaka 1968, Van Soest na Jones wa Marekani waliripoti kuwa kila asilimia 1 ya chembe hizo ikiongezeka kwenye malisho, mmeng'enyo hushuka kwa wastani wa pointi 3.

Serengeti nako kuna ushahidi. Utafiti wa McNaughton na Tarrants wa mwaka 1983 ulionyesha kuwa nyasi kutoka maeneo yanayoliwa sana na wanyama hujaza chembe nyingi zaidi kwenye majani. Kwa lugha nyepesi, ni silaha ya nyasi dhidi ya mlaji.

Kwa hiyo marobota yakiongezeka, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aangalie na ndoo ya maziwa.

Inapatikana wapi?

Chanzo kilicho karibu ni majivu ya pumba za mpunga, ambayo sehemu kubwa ni silikoni. Lakini pumba zikichomwa kwa moto mkali mno, majivu huyeyuka kwa shida na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, hivyo vaa barakoa. Nchi nyingine hutumia mabaki ya viwanda vya chuma, ambayo pia hupunguza asidi ya udongo kama chokaa.

Kabla ya kuanza

- Pima udongo kwanza. Kama una silikoni ya kutosha, utapoteza pesa.
- Jaribu kipande kidogo, uache kingine pembeni bila kuweka kitu, kisha pima uzito wa nyasi za pande zote mbili.
- Usiache samadi wala naitrojeni. Silikoni haichukui nafasi yake.
- Kata nyasi mapema, kabla hazijakomaa na kuwa ngumu.

Silikoni haileti mvua. Inachoweza kufanya ni kulisogeza shamba siku kadhaa mbele kabla halijakauka, na kwenye kiangazi siku hizo zina thamani.