Ulinganishaji wa magurudumu baada ya kushusha gari

Ulinganishaji wa magurudumu baada ya kushusha gari ni kazi ya kupima na kurekebisha upya pembe za magurudumu ya gari ambalo springi zake zimebadilishwa ili bodi ikae chini zaidi. Katika gereji kazi hii huitwa alaimenti. Makala hii inatumia mfano wa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la michezo la viti viwili lililoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Pembe zake karibu zote hurekebishwa bila kununua kipuri chochote, jambo ambalo si la kawaida kwa magari mengi.

Kwa nini pembe hubadilika

Kila gurudumu la MX-5 limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na wa juu ni mfupi zaidi. Bodi ikishuka, mikono yote miwili huinama, na ule mfupi huvuta sehemu ya juu ya gurudumu kuelekea ndani. Gurudumu linalolala hivyo huwa na kemba hasi. Tairodi nayo huzunguka katika upinde wake yenyewe, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayaelekei tena pale yalipoelekezwa kiwandani.

Magari yenye shokamzoba za aina ya MacPherson hufanya tofauti kidogo: kemba hasi huongezeka mwanzoni, kisha mkono wa chini ukiinama kupita kiasi huanza kupungua. Ndiyo maana gari la namna hiyo likishushwa mno huweza kushika barabara vibaya kuliko lilivyokuwa.

Pembe tatu

Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Kemba hasi kiasi husaidia kwenye kona, kwa kuwa bodi ikiegemea tairi la nje hukaa bapa barabarani. Kwa MX-5 ya matumizi ya kila siku wengi huweka karibu digrii 1 hasi mbele na 1.5 hasi nyuma. Nyuma hupewa zaidi ili mkia usiteleze kabla ya pua.

Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huuzunguka linapokata kona. Huufanya usukani urudi katikati wenyewe. Inatosha iwe sawa kulia na kushoto.

Too ni mwelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu: yakielekea ndani kwa mbele ni too ya ndani, yakiachana ni too ya nje. Wenye magari yaliyoshushwa hulaumu kemba tairi linapoliwa upande wa ndani, lakini mara nyingi mkosaji mkuu ni too. Tairi la 185/60R14, lililokuja na gari hili, lina kipenyo cha takriban milimita 580. Ukingo wake wa mbele ukitoka nje kwa milimita 1 tu kuliko wa nyuma, pembe ni karibu digrii 0.1, na tairi huburutwa kando kama mita 1.7 kwa kila kilomita. Katika kilomita 10,000 hizo ni kilomita 17 za kusuguliwa. Kwa kuwa ukingo wa ndani hauonekani mtu akiwa amesimama kando ya gari, nyuzi za tairi huweza kufichuka bila dereva kujua.

Too ya nje kwenye magurudumu ya nyuma ni hatari zaidi ya hasara ya tairi. Gari huweza kuzunguka ghafla kwenye kona yenye maji, hasa dereva anapoachia mafuta.

Utaratibu wa kazi

Kabla ya kupima, bushi na bolijointi zilizochoka hubadilishwa. Pembe iliyowekwa juu ya bushi iliyolegea haidumu. Bolti za bushi za mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani mpira hubaki umejisokota, ukachanika mapema na kulizuia gari lisishuke inavyotakiwa.

Mikono ya chini ya MX-5 ina bolti ambazo washa zake zina tundu lisilo katikati. Zikizungushwa husogeza mkono ndani au nje. Mbele hurekebisha kemba na kasta, nyuma kemba na too. Too ya mbele hurekebishwa kwenye tairodi. Katika gari la umri huu bolti hizo mara nyingi zimeganda kwa kutu ndani ya bushi, na fundi hulazimika kuzikata. Hapo ndipo kazi ya saa moja hugeuka ya siku mbili.

Nyuma hutangulia, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari lielekee wapi. Mbele hufuatishwa kwayo. Kemba na kasta huwekwa kabla ya too, maana kuzigusa huibadilisha too. Gari ni jepesi, hivyo wapimaji makini huweka kwenye kiti mzigo wenye uzito wa dereva.

Springi mpya huendelea kushuka kidogo katika siku za mwanzo, kwa hiyo vipimo hurudiwa baadaye. Mwanga wa taa kubwa pia hupimwa upya, kwani pua na mkia huwa havikushuka kwa kiasi kimoja.