Toka Stensili Hadi Simu

Kila kizazi cha walimu kimehangaika na swali lile lile: somo lililoandikwa litamfikiaje mwanafunzi aliye mbali?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha, huku wakijifunza ualimu huko huko vijijini kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Huku kwetu chini ya Mlima Meru tulitegemea stensili. Ulitoa utepe kwenye taipureta ili herufi zikate nta, ukaivisha stensili kwenye mashine ya kurudufu, ukazungusha mpini. Wino ulichafua vidole, lakini nakala ya kwanza na ya hamsini zilifanana, na kila mwanafunzi aliondoka na yake.

Kufanana huko ndiko alikokuwa akikutafuta John Warnock wa kampuni ya Adobe, Marekani. Mwaka 1993 kampuni hiyo ilitoa PDF, yaani faili linalobeba herufi, picha na mpangilio wake, ili ukurasa uonekane vile vile kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, si mali ya kampuni moja tena.

Hapa nchini haja ya faili kama hilo ilionekana wazi Machi 17, 2020, serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1, na madarasa mengine Juni 29. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, na walimu hutumiana masomo kwa simu kila siku.

Lakini umdhaniaye ndiye kumbe siye. Mwalimu akipiga picha kurasa za daftari na kuzigeuza PDF, macho huona maandishi. Ndani ya faili mna picha tu. Faili hilo ni zito, hula bando la mzazi. Baya zaidi, mwanafunzi asiyeona hutegemea programu ya kumsomea kwa sauti, nayo haikuti herufi hata moja. Sisi tunaoishi jirani na Tengeru, kilipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, tungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo.

Dawa yake si ngumu. Chapa somo kwa kompyuta au simu, weka vichwa vya habari kwa mitindo iliyomo katika programu yenyewe, eleza kila picha kwa maneno, ndipo ulihifadhi kama PDF. Mada moja, faili moja. Kisha lifungue kwenye simu ya bei nafuu na ulisikilize likisomwa, kabla hujamtumia mwanafunzi yeyote.