Kadi mbili za picha, kompyuta moja: nani alifunga mlango?

Kuweka kadi mbili za picha zisizofanana ndani ya kompyuta moja ya mezani si jambo jipya.

Mwaka wa 1996, kampuni ya Marekani 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo. Ilichora michezo ya 3D tu. Kazi za kawaida zilibakia kwa kadi ya zamani, hata ya kampuni nyingine. Waya mfupi uliziunganisha.

Nvidia ilinunua mali za 3dfx. Mwaka wa 2004 ilileta SLI yake, ikataka kadi zenye chipu ya aina moja. Mwaka wa 2009 programu yake ilizuia kadi ya Nvidia kufanya mahesabu ya PhysX pale kadi ya mpinzani ilipokuwemo. Kadi ilikuwa nzima. Programu ndiyo iliyofunga mlango.

Mwaka wa 2015, DirectX 12 iliufungua tena, lakini watunga michezo wachache sana waliingia.

Basi, ukiuziwa kadi ya pili iliyotumika, itakupa skrini za ziada. Anayekuahidi mwendo mara mbili, usimpe pesa yako.