Samaki-taya kichwa-njano
Samaki-taya kichwa-njano (Opistognathus aurifrons) ni samaki wa miamba ya matumbawe ya Florida, Bahamas na Bahari ya Karibi. Hufikia urefu wa sentimita 10 hivi. Kichwa ni cha njano, mwili samawati iliyopauka.

Maisha yake ni shimo. Hulichimba mchangani kwa mdomo, huimarisha kuta kwa vipande vya makombe, kisha huelea juu yake akidaka viumbe wadogo wanaopita na maji. Akitishwa hurudi ndani, mkia ukitangulia. Dume huatamia mayai mdomoni.

Akifugwa katika tangi la maji ya chumvi, basi, mchanga ndio kila kitu. Uwe na kina cha sentimita 10 hadi 15, uliochanganywa na changarawe na makombe yaliyovunjika, kwa kuwa mchanga laini mtupu hubomoka. Mawe yakalie sakafu ya tangi, si mchanga, yasije yakamwangukia anapochimba. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27.

Samaki wakorofi humfanya ajifiche hadi adhoofike kwa njaa. Tena huruka: wengi hufia nje ya tangi. Mfuniko wa wavu ununuliwe kabla ya samaki mwenyewe.