Jiwe la Diboni na Lisani ya Wamoabi

Kwa karne nyingi Wamoabi walijulikana kwa vinywa vya majirani zao. Nchi yao ilikuwa mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika Jordan ya leo, lakini habari zao zilihifadhiwa na Waebrania, na jirani mgomvi si mwandishi mwema wa nasaba. Kitabu cha Mwanzo chalihusisha jina Moabu na maneno "kutokana na baba", na kuipa kaumu nzima asili ya aibu: Lutu na binti yake. Torati nayo ikawafungia mlango wa kusanyiko. Ilhali Ruthu, mama wa babu yake Daudi, alikuwa Mmoabi.

Mwaka 1868, huko Dhiban, ndiyo Diboni ya kale, mmisionari F. A. Klein alioneshwa jiwe jeusi lililochongwa kwa amri ya Mfalme Mesha yapata mwaka 840 K.K. Wazungu wakashindana kulipata. Wenyeji, waliposhurutishwa na watawala wa Kituruki walitoe, walilitia moto kisha wakalimwagia maji baridi, likapasuka vipande vipande. Bahati njema, maandishi yalikwisha kunakiliwa kwa karatasi mbichi iliyogandamizwa juu yake, kwa agizo la Clermont-Ganneau. Leo jiwe limeungwa, limo Louvre, mjini Paris.

Humo, katika mistari 34, Mmoabi asema mwenyewe. Mesha aanza kwa kujitaja na kumtaja babaye, na kati ya majina hayo zimechongwa herufi mbili, b na n. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani: ni bin. Mfalme ni mlk, shina la milki na malkia, maneno yaliyofika pwani kwa njia ya Waarabu. Lugha yenyewe ni jirani mno wa Kiebrania. Lakini wingi wa mlk kwa Mwebrania huishia na m, kwa Mmoabi huishia na n.

Jiwe hilo halimtakasi mtu. Mesha ajisifu kuwaua watu 7,000 wa Nebo, wanawake wakiwamo, kwa ajili ya mungu wake Kemoshi. Baadaye sauti yabadilika: mji wa Karho hauna birika, naye aamuru kila mtu achimbe lake nyumbani mwake. Neno lake la nyumba ni ndugu wa bayt ya Waarabu, ambamo washairi wa Kiswahili walipata beti.